Moyo Mtulivu Mbele ya Karata

Kariakoo neno "mchezo" lina maana mbili zinazoishi jirani. Upo mchezo wa kijumbe, ambao watu kumi au ishirini huchangishana kila siku au kila wiki, na kila mmoja husubiri zamu yake ya kupokea. Upo pia mchezo wa kubahatisha: mkeka wa mpira, mashine ya dubwi, gurudumu la kasino, karata. Katika mchezo wa kwanza fedha yako hurudi iwapo wenzako ni waaminifu. Katika wa pili hakuna aliyekuahidi kuwa itarudi, hata kama kila mtu ukumbini ni mwaminifu. Michezo yote miwili hulishwa na mfuko mmoja, ule wa mauzo ya siku, na hapo ndipo matatizo mengi huanzia.

Makala haya yanahusu karata, na hasa mchezo wa poka. Tumeuchagua kwa sababu ni mchezo ambao hali ya moyo wa mchezaji huonekana waziwazi katika kile anachopata au kupoteza. Atakayeelewa kwa nini hamaki humgharimu mcheza poka ataelewa pia inavyomgharimu mweka dau wa mpira. Ataelewa, vilevile, kwa nini mtu aliyekaa mbele ya mashine hawezi kuokolewa na utulivu wa aina yoyote, isipokuwa ule wa kumwezesha kusimama na kuondoka.

Wapo wasomaji ambao kamari kwao ni haramu kwa mujibu wa imani yao, na wengi wao huishi na kufanya biashara katika mitaa hii hii. Kijitabu hiki hakimwaliki mtu kucheza. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, inaruhusu michezo hii kwa mtu aliyetimiza umri wa miaka 18 na kwa mwendeshaji mwenye leseni. Wanaocheza wapo, na mlaji wa huduma hii anastahili kuelezwa anachokinunua kama anavyostahili mnunuzi wa simu au wa bima.

Poka inavyochezwa

Poka huchezwa kwa pakiti ya karata 52: uru, kopa, pau na shupaza, kila aina ikiwa na karata 13, bila jokeri. Katika namna inayochezwa zaidi duniani, Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili ambazo huzificha. Kisha karata tano za wote huwekwa wazi mezani kwa hatua: tatu kwanza, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Katika kila hatua mchezaji huamua kuweka dau, kulifuata dau la mwenzake, kulipandisha, au kulaza karata zake na kujitoa. Fedha hukusanyika katika fungu la katikati, na fungu hilo huchukuliwa na mwenye mkono bora mwishoni, au na yule aliyebaki peke yake baada ya wengine kujitoa.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo inayoitenga poka na michezo mingine ya kasino. Mtu anaweza kushinda akiwa na karata mbovu, na anaweza kuokoa fedha nyingi kwa kulaza karata nzuri kwa wakati wake. Anayeshindana naye ni mtu mwenzake, mwenye hofu, tamaa na uchovu. Winga wa Mtaa wa Kongo huielewa hali hii bila kufundishwa. Mteja akiuliza bei ya viatu huku macho yameng'ang'ania jozi moja, bei imekwisha kupanda kabla hajatamka neno la pili. Mteja anayejijua huanza kwa kuuliza bei ya viatu asivyovitaka.

Nyumba hata hivyo haifanyi kazi bure. Hukata kiasi kidogo katika fungu, au hutoza ada ya kukaa mezani. Tupige hesabu ya mfano. Watu kumi wameketi, kila mmoja na shilingi 100,000. Karata zinagawiwa mara 30 kwa saa, na kila fungu linakatwa shilingi 2,000. Kwa saa moja zimeondoka shilingi 60,000. Kwa saa tano, 300,000. Mezani zimebaki shilingi 700,000, za kugombewa na watu walioingia na milioni moja. Ikiwa wote kumi wana ujuzi sawa na utulivu sawa, basi kwa wastani wote wanatoka na pungufu. Haitoshi, kwa hiyo, kumzidi jirani yako kidogo. Yakupasa umzidi kwa kiasi kinacholipia kato la nyumba na bado kibaki. Mtu akikuambia kwamba poka ni mchezo wa akili na wala si kamari, mkubalie nusu.

Uamuzi sahihi, matokeo mabaya

Karata mbili bora za kuanzia ni ree mbili. Uwezekano wa kupewa ree mbili ni mara 1 katika 221. Katika meza inayogawa mara 30 kwa saa, hiyo ni wastani wa mara moja katika saa saba na kitu. Fikiria mtu aliyekaa saa hizo zote akilaza karata mbovu moja baada ya nyingine, hatimaye akazipata ree zake, akaweka fedha zote alizokuwa nazo, na mwenzake akakubali dau na kufunua wafalme wawili. Mwenye ree ana nafasi ya kushinda takriban 82 katika 100. Ni nadra katika shughuli yoyote ya fedha kupata nafasi nzuri kiasi hicho. Lakini nafasi 18 zilizosalia nazo ni za kweli, na siku moja mfalme wa tatu atatokea mezani na fungu lote litavutwa upande wa pili.

Je, alikosea? Hapana. Angewekwa tena katika hali ile ile, alipaswa kufanya vile vile. Hili ndilo somo gumu kuliko yote katika poka, na kwa maoni yetu ndilo lenye faida zaidi hata kwa asiyeigusa karata: uzuri wa uamuzi hupimwa kwa yale uliyoyajua ulipokuwa ukiamua. Muuza vitenge anayekataa kumkopesha mteja asiyemfahamu ameamua vyema, hata kama mteja huyo baadaye alilipa kwa jirani yake bila kuchelewa. Anayemkopesha kila mtu naye ameamua vibaya, hata kama mwezi huu wote wamelipa.

Mfano wa pili una hesabu kidogo, na unastahili kusomwa polepole. Una karata mbili za kopa, na katika tatu zilizofunuliwa mezani mbili ni kopa. Umebakiza kopa moja tu kupata mkono wa karata tano za aina moja. Kopa zote ni 13, umeziona nne, zimebaki 9. Karata ambazo hujaziona ni 47. Nafasi ya kuipata katika karata inayofuata ni 9 katika 47, yaani asilimia 19 hivi. Fungu lina shilingi 40,000 na mwenzako ameweka dau la 10,000. Unatakiwa kulipa 10,000 ili kugombea 50,000. Kwa bei hiyo inatosha ushinde mara moja katika sita, karibu asilimia 17, nawe unayo 19. Kufuata dau ni halali kwa hesabu. Lakini mwenzako akiweka 40,000 badala ya 10,000, utalipa 40,000 kugombea 80,000, na sasa unahitaji ushindi mara moja katika tatu. Huna. Unalaza karata, ingawa ni zile zile na matumaini ni yale yale.

Hesabu hiyo haijui kwamba nusu saa iliyopita ulipoteza kwa bahati mbaya. Haijui kwamba kodi ya fremu inadaiwa Ijumaa, wala kwamba aliyekuwekea dau alikucheka mbele ya watu. Yote hayo unayajua wewe, na yote husukuma mkono ufuate dau lisilofaa. Utulivu katika poka maana yake ni kuizuia mikono isifanye kazi kwa taarifa ambazo karata hazina.

Maria Konnikova, mwanasaikolojia wa Marekani, aliingia katika poka bila kujua hata kanuni zake, akafundishwa na mchezaji mkongwe Erik Seidel, na Januari 2018 akashinda shindano la poka huko Bahamas. Jambo la kukumbuka katika mafunzo yake, ambayo aliyaandikia kitabu mwaka 2020, ni kwamba mwalimu wake hakutaka kusikiliza hadithi za bahati mbaya. Alitaka kujua mwanafunzi alifikiri nini kabla ya karata kufunuliwa. Mcheza karata yeyote anazifahamu hadithi hizo: nilikuwa na ree mbili, yule bwana akanifunulia mfalme katika karata ya mwisho! Msimuliaji hupata pole, na hiyo pole humzuia asijiulize kwa nini aliendelea kucheza saa tatu baadaye.

Hamaki

Wacheza poka wa Marekani wameipa hali hii jina lililotoka katika mashine za zamani za mpira wa chuma, ambazo mchezaji akizitikisa kwa hasira hujizima. Kwa Kiswahili neno tunalo tayari: hamaki. Mtu mwenye hamaki bado anazijua kanuni zote, bado anaweza kukuambia nafasi ya kopa ni ngapi, lakini ujuzi huo umekatika mawasiliano na mkono wake.

Chanzo kinachojulikana zaidi ni kupoteza. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walichapisha kazi yao mashuhuri kuhusu namna watu wanavyoamua mambo yenye mashaka. Walionyesha kwamba uchungu wa kupoteza kiasi fulani huzidi furaha ya kupata kiasi hicho hicho, na kwamba mtu ambaye hajaikubali hasara yake huwa tayari kuingia katika hatari ambayo kwa kawaida angeikataa. Ndiyo sababu usemi "narudisha hela yangu tu, kisha naondoka" ni wa kuogopwa. Hela ile si yake tena. Mezani kuna fedha za watu wengine na fedha mpya anayoileta, na anayoileta usiku huo mara nyingi ilikuwa ya mzigo wa kesho.

Ushindi nao una hamaki yake, ingawa haizungumzwi sana. Aliyeshinda mara tatu mfululizo huanza kuona kuwa ameusoma mchezo. Huingia na karata ambazo asubuhi angezilaza, na hupandisha dau kwa sababu fedha iliyo mbele yake ameiita "ya kasino". Kisha kuna kisasi, ambapo mtu huacha kucheza dhidi ya meza na kuanza kumwinda mmoja. Kuna uchovu, ambao katika eneo lenye watu wanaoamka alfajiri kupokea mizigo haupaswi kudharauliwa: aliyefungua duka saa 12 asubuhi na kuketi mezani saa 3 usiku analeta akili iliyokwisha kufanya kazi ya siku nzima.

Na kuna mapenzi. Makao ya Simba yapo Mtaa wa Msimbazi, ya Yanga yapo Jangwani, umbali wa kutembea kwa miguu. Tarehe 6 Mei 2012 Simba iliifunga Yanga mabao 5 kwa 0. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba 5 kwa 1. Shabiki aliyeiwekea dau timu yake katika mechi kama hizo hakuwa amepima chochote. Alikuwa ametoa sadaka. Kumwambia mtu wa Kariakoo asiipende timu yake ni kazi bure. Tunachosema ni kwamba anayejijua huiweka kando mechi ya timu anayoipenda, kama hakimu anavyoiweka kando kesi ya ndugu yake.

Kujichunguza

Hamaki huanza mwilini kabla haijafika kwenye maneno. Kwa mmoja masikio hupata joto. Mwingine huanza kupumua juu juu, au kuongea haraka, au kunyamaza kuliko kawaida. Wapo ambao huanza kufuata dau bila kuhesabu fungu. Kila mtu ana dalili yake na anayeijua vyema ni mwenyewe, pengine na mwenzi wake wa nyumbani, ambaye si vibaya kumwuliza.

Chombo bora cha kujichunguza ni daftari, na wafanyabiashara wa Kariakoo hawahitaji kufundishwa namna ya kuweka daftari. Tofauti ni katika kinachoandikwa. Wengi hujiandikia walichoshinda na walichopoteza, basi. Ongeza mambo matatu: saa uliyoketi na saa uliyoinuka, uamuzi mmoja au miwili uliyokuwa mizito pamoja na sababu yake, na hali uliyokuwa nayo, kwa neno moja, kama njaa, hasira, usingizi, furaha. Sababu ya uamuzi iandikwe kama ilivyokuwa wakati ule, wala isirembwe baada ya matokeo. Baada ya siku ishirini utaona mambo ambayo kumbukumbu ilikuficha. Huenda hasara zako zote kubwa ziliangukia baada ya saa 5 usiku. Huenda ni zile siku ulizogombana dukani. Na huenda daftari likaonyesha kwamba umetulia kila siku, umehesabu kila dau, na bado umepoteza. Hilo nalo ni jibu, kwani utulivu haumfanyi mtu kuwa hodari kuliko waliomzunguka.

Mezani kwenyewe mbinu ni chache na si za ajabu. Kabla ya kuamua, hesabu fungu kimyakimya, hata kama jibu unalijua. Kuhesabu kunaipa hasira muda wa kupoa. Ukipoteza fungu kubwa, usicheze karata mbili tatu zinazofuata: inuka, nawa uso, kunywa maji, piga simu nyumbani. Hakuna kanuni inayokulazimisha kubaki. Muda wa kuondoka uwekwe kabla ya kuketi na uandikwe, kwa sababu saa iliyopangwa na mtu mtulivu ni bora kuliko saa inayopangwa na mtu anayetafuta fedha yake.

Neno kuhusu wapinzani wasio na moyo. Januari 2017, huko Pittsburgh, programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyotengenezwa na Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza karata 120,000 dhidi ya wacheza poka wanne wa kulipwa na kuwashinda. Haikuchoka, haikuaibika, haikulipiza. Anayecheza poka kwa simu katika tovuti isiyo na leseni hana namna ya kujua kama upande wa pili kuna mtu, programu, au watu watatu wanaoonyeshana karata.

Mahali ambapo utulivu haufiki

Yote tuliyoeleza yanahusu poka ya wachezaji kwa wachezaji. Jina hilo hilo hubebwa na michezo mingine ambayo mchezaji hushindana na nyumba, na hata na mashine zenye picha za karata. Humo hakuna wa kumsoma wala wa kumtisha. Uliza kabla ya kuketi: nashindana na nani, na nyumba inapataje chake?

Gurudumu la kasino lenye namba 37 hulipa mara 35 ya dau kwa aliyepatia namba moja. Pengo kati ya 37 na malipo hayo huiachia nyumba asilimia 2.7 ya kila dau kwa wastani, na lenye sifuri mbili huiachia asilimia 5 na zaidi. Mtawa na mlevi wanakatwa sawasawa. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, kigololi kiliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na waliokuwepo walipoteza fedha nyingi kwa kuweka dau jekundu, wakiamini zamu yake imefika. Gurudumu halikumbuki. Dubwi la mtaani nalo halikumbuki. Haliwezi kuwa "limeshiba" wala "linakaribia kutema", maneno ambayo vijana huyatumia kwa uhakika wa fundi.

Hapa kujijua kuna kazi moja, nayo ni kuitambua hisia ya kukaribia kushinda. Mwaka 2009 Luke Clark wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzake walionyesha kwamba kukosa kwa kidogo katika mashine huamsha sehemu za ubongo zinazoamshwa na ushindi wenyewe, na humtia mtu hamu ya kuendelea ingawa hakupata kitu. Mkeka hufanya kazi hiyo hiyo. Chukua mechi kumi, kila moja ukiwa na uhakika wa asilimia 70, ambao ni uhakika mkubwa. Nafasi ya zote kumi kutimia haifiki 3 katika 100. Mkeka unapochanwa na mechi moja, mtu husema amekosa kwa mechi moja tu, ilhali hivyo ndivyo mikeka ya namna hiyo inavyotarajiwa kuchanika.

Karata tatu za pembezoni mwa barabara hatuwezi kuziita mchezo. Wale wanaoshinda mbele ya macho yako ni wenzake mwenye karata, na karata unayoifuata imekwisha kubadilishwa. Mwenye akili na utulivu ndiye anayewindwa, kwa kuwa ndiye anayejiamini kwamba ameiona. Pita.

Fungu la kuchezea

Tuchukue mfano wa machinga mwenye mtaji wa shilingi 300,000 anaouzungusha kila siku mbili. Faida yake ndiyo chakula, nauli na kijumbe. Akipoteza 50,000 ya faida, amepunguza starehe. Akipoteza 150,000 ya mtaji, nusu ya biashara yake imekufa, na atakachokifanya kesho asubuhi ni kutafuta mkopo wa haraka, ile mikopo ambayo mtaani inaitwa kausha damu, na jina hilo halikutungwa kwa mzaha. Hamaki ya usiku mmoja hugeuka deni la miezi.

Kwa hiyo fedha ya kuchezea itengwe kabla, iwe ile ambayo ikipotea yote hakuna atakayelala na njaa na hakuna zamu ya kijumbe itakayorukwa. Kama kiasi hicho ni sifuri, usiketi. Nenda nayo taslimu, na simu yenye akaunti ya fedha iache nyumbani au kwa mtu unayemwamini. Kutoa fedha kwa wakala jirani na ukumbi, au kutumia huduma ya mtandao wa simu inayokukopesha salio likiisha, ni kumruhusu yule mtu mwenye hamaki aamue kiasi ambacho mtu mtulivu alikwisha kukiamua. Na usichezee fedha iliyokopwa, hata kwa siku moja, hata kwa ndugu.

Iwapo umeshindwa kuacha, unaficha hasara nyumbani, au unauza vitu ili kucheza, mbinu za mezani hazikuhusu tena. Shirika la Afya Duniani linaitambua hali hiyo kuwa ugonjwa, na hutibiwa. Zungumza na daktari katika kituo cha afya kilicho karibu na uombe kupelekwa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Huduma hiyo ipo pia katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Unaweza vilevile kumwandikia mwendeshaji wa ukumbi au tovuti kumtaka akufungie akaunti na asikupokee. Andika, usiseme kwa mdomo, na utunze nakala.

Kwa anayecheza: michezo ya kubahatisha nchini husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Una haki ya kuiona leseni ya ukumbi na kuelezwa kanuni na kato la nyumba kabla ya kuweka dau. Ushindi wako unaweza kukatwa kodi kabla ya kulipwa. Omba uonyeshwe kiasi kilichokatwa. Tunza tiketi, ujumbe wa muamala na tarehe. Ukiwa na lalamiko, lipeleke kwanza kwa mwendeshaji kwa maandishi, na asipokujibu au asiporidhisha, lifikishe kwa Bodi pamoja na vielelezo hivyo. Lalamiko la kwamba ulipoteza halitasikilizwa. La kwamba hukulipwa ulichoshinda, au kanuni zilibadilishwa katikati ya mchezo, au mtoto aliruhusiwa kucheza, litasikilizwa.